Kitambi Si Neema: Kupona kwa Kiharusi Huanzia Jikoni



Maneno tutakayoyasema leo hayatawapendeza baadhi ya watu. Huenda wengine wakasema kwamba mwandishi ameacha mambo ya maana akaingia katika sufuria za watu. Na waseme. Sufuria hizo zina sehemu kubwa katika kuwalaza wazee wetu vitandani, na anayelijua jambo hilo kisha akanyamaa ana fungu lake la lawama. Mimi nalijua nikanyamaa, basi nitaanza kwa kujilaumu nafsi yangu.

Nalikuwa na ami yangu, mtu wa watu, mcheshi, mwenye mwili mkubwa na tumbo lililomtangulia kila alipoingia. Sisi tukimwita tajiri wa siha. Ijumaa moja, baada ya kutoka msikitini na kula pilau, kikombe cha kahawa kilimponyoka mkononi. Mdomo ulikwenda upande, na maneno yakamtoka kama ya mtu aliyetiwa pamba kinywani. Nyumba nzima ikapiga kelele. Mmoja akasema ni upepo mbaya. Wa pili akasema amelalia mkono, asuguliwe mafuta. Wa tatu akatumwa kumtafuta mtu wa kuandika kombe. Hapana aliyetazama saa.

Alipofikishwa hospitali jua lilikuwa limekwisha kutua. Daktari aliuliza mambo matatu: Haya yalianza saa ngapi? Uzito wake ni kilo ngapi? Sukari yake ilikuwa ngapi alipopimwa mara ya mwisho? Tukatazamana. Twajua bei ya mchele katika kila duka la mtaa, twajua nani ataposwa mwezi ujao, lakini katika hayo matatu hatukuwa na jibu hata moja.

Mwenyezi Mungu alimpa umri. Alirudi nyumbani akikokota mguu, na ulimi wake ukawa wafahamika kwa mwenye subira. Sasa tazama tulilomfanyia. Tulichinja mbuzi kwa shukrani. Bakuli la halua likawekwa kando ya kitanda chake. Majirani wakaleta biriani, kaimati na mahamri ya nazi, kila sahani na neno lake: "Apate nguvu maskini. Mwacheni ale akipendacho." Alikula akipendacho kwa muda wa miezi minane. Mwezi wa tisa kiharusi kilimrudia, na mara hii hakurudi nyumbani ila kuoshwa na kukafiniwa.

Mimi ni mmoja wa walioleta sahani. Kwa hiyo asinijibu mtu kwamba nawasema watu. Najisema mwenyewe, nami nataka wenzangu wasikie.

Dai letu ni hili: kupona kwa kiharusi hakuanzi siku mgonjwa anapofikishwa hospitali. Kwaanza miaka mingi kabla yake, katika kiuno, katika damu, katika sukari na katika presha ya mtu, na kwaendelea jikoni baada ya kutoka hospitali. Daktari hupewa mwili uliokwisha kutengenezwa au kuharibiwa na nyumba. Anayengoja siku ya msiba ndipo amtafute daktari bingwa ni kama nahodha aliyeacha kuziba nyufa za jahazi bandarini, kisha akalia dhoruba ilipomkuta katikati ya bahari.

Saa inayokwenda

Kwanza na tuelewane kiharusi ni nini. Ubongo hulishwa na damu. Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, au mshipa ukipasuka, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Kuziba ndiko kutokeako zaidi. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alitoa hesabu kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na usipozibuliwa, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Ami yangu alikaa saa nne tukimsugua mafuta. Kwa hesabu hiyo, hizo ni seli zaidi ya milioni 450.

Lakini hazifi zote kwa pamoja. Katikati hufa upesi, na pambizo yake huzimia tu, ikingoja damu irudi. Hiyo pambizo ndiyo inayopiganiwa. Mwaka 1996 Marekani iliruhusu dawa ya kuyeyusha donge, iitwayo alteplesi, ipewe mgonjwa katika muda wa saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 uchunguzi uliofanywa Ulaya ulionyesha kuwa yaweza kufaa mpaka saa 4 na nusu. Mwaka 2015 yalichapishwa majaribio matano yaliyothibitisha kwamba donge lililoziba mshipa mkubwa laweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Hospitali zenye uwezo huo katika mwambao wetu ni chache, na gharama yake si ya kila mtu. Na dawa yenyewe haitolewi mpaka kichwa kipigwe picha, kwani aliyepasukiwa na mshipa akipewa dawa ya kuyeyusha damu huangamizwa.

Hayo yote ni neema ya elimu, nasi twamshukuru Mola kwayo. Lakini watu wetu wanayo maneno manne wanayojifichia, na leo tutayatazama moja moja.

Neno la kwanza: "Unene ni neema"

Hili ndilo kongwe. Mke akinenepa husemwa ametulia. Mume akikonda, mkewe ndiye anayesimangwa. Bibi harusi hulishwa ili "ajae". Mtoto mwembamba mwenye afya njema huulizwa, "Huyu kwani hali?" Na mzee mwenye kitambi hupewa mto wa kuegemea barazani kama kwamba tumbo ni cheo.

Hatumlaumu mtu kwa umbo aliloumbwa nalo. Wako watu walioumbwa wanene na damu yao ni safi, na wako wembamba wenye presha ya kutisha, na kiharusi kimewapiga wembamba wengi. Basi mwembamba asicheke. Tunalolisema ni la tumbo hasa. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alieleza kwamba mafuta yanayokusanyika sehemu ya juu ya mwili na tumboni si sawa na yale ya nyonga na mapaja. Yale ya juu hufuatana na sukari na maradhi ya mishipa. Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa Marekani alionyesha jinsi mwili unaokataa kuitii insulini unavyokusanya pamoja sukari, presha na mafuta mabaya ya damu. Mambo hayo ni kama wezi wa genge moja: ukimwona mmoja, tazama nyuma yake.

Mwaka 2009 jumuiya kubwa za madaktari duniani zilikubaliana juu ya alama tano. Kiuno kilichozidi, presha iliyofika 130 kwa 85, sukari ya mtu aliyelala na njaa iliyofika 5.6 katika mashine zetu za kupimia. Mafuta ya damu yaitwayo triglisiridi yaliyofika 1.7, na kolesteroli njema iliyopungua. Mwenye tatu katika tano ana mwili usiokwenda sawa, hata kama hahisi maumivu yoyote. Na kiuno chapimwa kwa tepe ya fundi cherehani. Kwa watu wa asili ya Kiafrika na ya Kiarabu, kipimo kinachotumika ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kwa mwanamume wa asili ya Kihindi ni 90. Inuka sasa hivi, ndugu msomaji, uitafute tepe hiyo, makala yatakungoja.

Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 22 na kuchapishwa mwaka 2010 uliona kwamba mambo kumi tu yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. Presha ndiyo ya kwanza, na ukubwa wa kiuno ukilinganishwa na nyonga umo katika kumi hizo, pamoja na sukari, sigara, chakula kibaya na kukaa kitako. Wala haya si mambo ya Wazungu peke yao. Nchini Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006, kiharusi kilihesabiwa katika wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu za umri, Hai walipata kiharusi watu kama 109 katika kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa kama 316. Si haki kusema kwamba chakula ndicho sababu peke yake, kwani mji una mengi. Lakini mtu wa pwani akisoma hesabu hiyo naye akaendelea kukiita kitambi neema, basi na atuambie hiyo neema yampeleka wapi.

Neno la pili: "Hospitali ina dawa"

Ndiyo, inayo. Lakini dawa haiingii katika chupa tupu; yaingia katika mwili, na mwili waweza kuisaidia au kuipinga.

Tazama kipimo chake. Alteplesi hupimwa kwa uzito: miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mgonjwa, wala isizidi miligramu 90, kwa kuhofia damu isije ikamwagika ubongoni. Piga hesabu, utaona kwamba mpaka huo hufikiwa na mtu wa kilo 100. Mwenye kilo 130 hupewa kile kile cha mwenye kilo 100, ikawa kila kilo yake imepata pungufu. Hatusemi kwamba dawa haimfai mtu mzito. Yamfaa, na asinyimwe. Twasema kwamba uzito umekwisha kukaa katika meza ya daktari kabla yeye hajaanza kazi. Na wasioujua uzito wa mgonjwa wao, kama tulivyokuwa sisi, humlazimisha daktari kukisia, ilhali dawa yenyewe haitaki kukisiwa.

Tena liko la ndani zaidi. Mwenyezi Mungu ameutia mwili dawa yake mwenyewe ya kuyeyusha madonge, na alteplesi imetengenezwa kwa mfano wake. Lakini mwili huohuo una kizuizi chake, protini iitwayo PAI-1, ili damu isiwe maji. Kwa mwenye mafuta mengi ya tumboni na insulini isiyotiiwa, kizuizi hiki huzidi. Basi donge likishuka, askari wa kuliondoa wamefungwa mikono. Mwaka 2008 madaktari wa Uhispania waliandika kwamba wagonjwa wenye zile alama tatu katika tano walipopewa dawa, mishipa yao ilikuwa migumu zaidi kuzibuka kuliko ya wenzao.

Ama sukari, hiyo ndiyo adui wa pambizo ile iliyozimia. Sehemu isiyopata hewa ikajaa sukari hutengeneza asidi, na asidi huua. Wagonjwa wanaoingia hospitali na sukari ya juu, aghalabu hali zao huwa mbaya zaidi baadaye, na hatari ya kumwagika damu baada ya dawa huzidi kwao. Mtu atasema, "Basi si daktari aishushe tu kwa sindano?" Naam, jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani wa wagonjwa zaidi ya 1,100. Kundi moja lilishushiwa sukari kwa nguvu nyingi, na jingine likapewa matibabu ya kawaida. Mwisho wake? Waliopona vizuri walikuwa asilimia 20.5 katika wale walioshushiwa kwa nguvu, na asilimia 21.6 katika wale wengine. Hapana faida iliyopatikana. Sukari ya mgonjwa lazima iangaliwe, hilo halina shaka, lakini kilichojengwa kwa miaka kumi hakibomolewi kwa usiku mmoja. Halua ya miaka haikombolewi kwa sindano ya saa moja.

Neno la tatu: "Wanene ndio wanaopona"

Hili ni neno la wasomi wetu wapya, waliopata kipande cha habari wakakigeuza fatwa. Nao hawakuzua, kwani wako watafiti walioandika kwamba baada ya kiharusi, wagonjwa walionenepa kidogo walikufa wachache kuliko wembamba. Hatutaficha habari kwa kuwa haitupendezi. Lakini na tuitazame kwa akili.

La kwanza, wembamba katika hesabu hizo ni nani? Aghalabu ni wazee sana, na watu waliokwisha kukondeshwa na maradhi mengine. Kukonda kwao hakukuwaua. Ni maradhi ndiyo yaliyowakondesha, na hayo hayo ndiyo yaliyowaua. La pili, wanene wengi hupigwa na kiharusi wakiwa bado na umri mdogo kuliko wembamba, na mwenye umri mdogo hustahimili zaidi. Je, kupigwa na kiharusi una miaka 50 badala ya 70 ndiyo faida unayotaka kumpigia mtu hodi umpongeze? La tatu, kutokufa ni jambo moja, na kurudi kuvaa kikoi chako mwenyewe ni jambo jingine.

Lakini habari hiyo ina funzo moja la kweli. Mgonjwa aliyekwisha kupatwa na kiharusi asishindishwe na njaa. Misuli ya mkono na mguu uliopooza huyeyuka upesi, na mwili ukikosa samaki, kunde, mayai na maziwa, mazoezi hayajengi kitu. Anayekonda bila ya kukusudia baada ya kiharusi apelekwe kwa daktari. Kwa hiyo hatusemi mgonjwa anyimwe chakula. Twasema apewe chakula, asipewe sumu iliyopambwa kwa zafarani.

Neno la nne: "Ajali imeandikwa"

Hapa ndipo wanapotaka kutufunga mdomo. Sisi twaamini kwamba umri uko mikononi mwa Mola, wala hatuongezi hata pumzi moja. Lakini Mola huyohuyo amekataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuligawa tumbo kwa thuluthi, akaamrisha watu wajitibu, na akamfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo atawakali. Sasa wewe umemfungua ngamia, ukamchapa akimbie, kisha ukakaa barazani ukasema, "Imeandikwa." Hiyo si imani. Huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Na dua je? Dua haikatazwi. Asomewe mgonjwa, aombewe, lakini asomewe akiwa ndani ya gari linalokwenda hospitali. Aliyempa Qur'ani shifaa ndiye aliyempa daktari elimu, wala hakusema kimoja kikawize kingine.

Yaliyo mikononi mwetu

Watu husema, "Umetulaumu sana; sasa tufanye nini?" Na tuseme waziwazi.

La kwanza ni kuijua saa. Uso ukienda upande, mkono mmoja ukianguka unapoinuliwa, maneno yakiharibika, tazama saa, ikariri, na mpeleke mgonjwa hospitali hapo hapo, hata kama dalili zimeondoka. Usimpe chakula wala maji wala kombe mpaka wamhakikishe kwamba aweza kumeza. Wagonjwa wengi wa kiharusi hushindwa kumeza sawasawa, na uji unaomiminwa kwa mapenzi huingia mapafuni ukaleta homa ya mapafu. Wangapi tumewaua kwa kijiko cha huruma!

La pili, kila nyumba iwe na karatasi ya watu wazima wake wote: uzito, kiuno, presha, sukari na dawa wanazozitumia. Ikae ukutani pamoja na kalenda. Lau sisi tungalikuwa na karatasi hiyo, tusingalitazamana mbele ya daktari kama mabubu.

La tatu ni dawa. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa watu 6,105 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake. Waliotumia vidonge vya kushusha presha, kurudiwa na kiharusi kulipungua kwa asilimia 28. Lakini sisi mtu akijiona mzima huviweka kabatini. Presha haina kelele; kunyamaa kwake si kupona. Na Ramadhani inapokaribia, mgonjwa akamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa zake au aambiwe asifunge. Rukhsa ya mgonjwa imetoka kwa Mola mwenyewe. Anayeikataa ili majirani wasimseme, hiyo funga amemfungia nani?

La nne ni kukoroma. Sisi hucheka mzee akikoroma, tukasema amelala usingizi wa raha. Mtu mnene anayekoroma kwa nguvu, kisha akakatikiwa na pumzi, akashtuka, akakoroma tena, hana raha, anakabwa. Hali hiyo huongeza presha, na kwa waliopata kiharusi ni nyingi na huwapunguzia nguvu za kupona. Daktari aambiwe.

La tano ni jikoni, na hapo ndipo pana vita. Hatusemi watu waache upwa wao. Samaki wa kuchoma kwa ndimu, mchicha, kunde, mbaazi, muhogo wa kuchemsha, ndizi, matunda ya msimu: hivyo ndivyo vyakula vya babu zetu, waliotembea kwa miguu kutoka shamba hadi mji. Biriani ilikuwa ya arusi. Halua ilikuwa ya sikukuu. Sisi tumeifanya kila Alhamisi kuwa sikukuu na kila wiki kuwa na arusi. Tui zito la nazi nalo litiwe kwa mkono mwepesi, kwani zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayoganda, yapandishayo kolesteroli mbaya. Chumvi ipunguzwe, na achari isiwe mboga. Chai ya vijiko vinne vya sukari, mara tano kwa siku, ni vijiko 20, na mwenye kuinywa hukuapia kwamba yeye "hali vitu vitamu." Futari nayo, badala ya kuufungua mwili kwa upole, tumeifanya kisasi cha mchana mzima.

La sita ni kutembea. Mabwana, baraza haitakimbia. Baada ya Alfajiri, badala ya kurudi kitandani, tembeeni nusu saa kabla ya kahawa. Mabibi nao wasiambiwe kwamba buibui limewafunga. Buibui halijamfunga mtu miguu. Wanaofunga ni wale waume wanaotaka mke asitoke hata kutembea, kisha akipooza wanataka binti zake wambebe.

Na hilo la kubeba ndilo linalonichoma zaidi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa chache asiote vidonda. Aoshwe, atawadhishwe, akalishwe, asimamishwe mara kwa mara ili mguu ukumbuke kazi yake. Mwenye kilo 70 hugeuzwa na mtu mmoja aliyefundishwa. Mwenye kilo 120 ataka watu watatu, na nyumba ina binti mmoja. Basi hageuzwi. Hasimamishwi. Mazoezi ambayo ndiyo dawa kubwa ya baada ya kiharusi hukosekana, si kwa kukosa mapenzi, bali kwa kukosa mikono. Nimeona binti wa ami yangu akiumia mgongo naye bado kijana. Hakulalamika. Lakini mimi nilipomwona nalikumbuka kila sahani niliyopeleka katika nyumba ile.

Wala asikate tamaa mwenye uzito. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa Uingereza wa watu wenye kisukari kisichozidi miaka sita, waliosaidiwa kupunguza mwili kwa mpango na uangalizi. Katika wale waliopungua kilo 15 au zaidi, karibu 9 katika 10 sukari yao ilirudi katika hali ya kawaida bila ya dawa ilipotimia mwaka mmoja. Haikuwa kazi nyepesi, wala mtu mwenye dawa asiifanye peke yake bila ya daktari. Lakini mlango uko wazi. Na hata asiyefikia kilo 15, kila kilo anayoiondoa na kila presha anayoishusha ni kitu anachomwekea daktari wa kesho mkononi mwake.

Enyi wenye nyumba, lililobaki ni letu. Mgonjwa anayerudi kutoka hospitali apokewe kwa matunda na samaki, na kwa mtu wa kumshika mkono atembee uani. Atakayeleta halua ashukuriwe, na halua yake wapewe wapita njia. Watatuita mabahili. Na watuite. Ubahili wa halua ni mwepesi kuubeba kuliko jeneza.

Ami yangu aliponiona mara ya mwisho, alinyoosha mkono ule mzima akalisogeza bakuli kwangu, nami nikacheka nikala pamoja naye. Mungu amrehemu, na atusamehe sisi tuliompenda kwa ujinga.

Wabillahi tawfiq.